Helikopta za Kijeshi na Kazi Zake: Mwongozo kwa Vijana wa Bonde la Ufa

Vijana wa Nakuru wamekulia jirani na jeshi. Lanet, upande wa mashariki wa jiji, kuna kambi ya wanajeshi wa nchi kavu, kuna chuo kinachofunza makadeti hadi wawe maafisa, na kuna kiwanja cha ndege cha kijeshi. Ukishika barabara kuu ya kwenda Nairobi, unapita kambi nyingine Gilgil. Ndiyo maana ngurumo ya helikopta ikisikika juu ya Bahati au Pipeline, wanafunzi hukimbilia madirishani, na maswali huwa yale yale: Ni ya nani? Inakwenda wapi? Imebeba nini?

Majibu mengi yako wazi mbele ya macho, kwa anayejua kuangalia. Helikopta huundwa kufuata kazi yake. Idadi ya mapanga, aina ya miguu, ukubwa wa mlango na umbo la mkia vyote vinatoa habari. Mwongozo huu utamsaidia msomaji kuitambua helikopta ya kijeshi na kuelewa kazi inayofanya. Utamweleza pia kwa nini Bonde la Ufa ni mahali pagumu pa kuirusha, na jinsi ya kujilinda inapotua karibu naye.

Inavyopaa

Ndege ya kawaida hukimbia kwanza ndipo ipae, kwa sababu mabawa yake lazima yakate hewa kwa kasi. Helikopta inapaa ikiwa pale pale iliposimama, kwa kuwa mabawa yake ndiyo yanayozunguka. Kila panga la juu ni bawa jembamba. Injini inalizungusha, hewa inasukumwa chini, nayo ndege inasukumwa juu.

Mzunguko huo huleta taabu. Injini inapozungusha mapanga upande mmoja, kiwiliwili cha ndege nacho hutaka kuzunguka upande wa pili. Anayetaka kuhakikisha aketi kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, ainue miguu, kisha ageuze kifua na mikono kwa ghafla kuelekea kulia. Kiti kitaenda kushoto. Kwenye helikopta, panga dogo la mkiani ndilo linalozuia balaa hilo. Zipo chache zisizolihitaji, kama Chinook ya Marekani, ambayo ina seti mbili za mapanga makubwa, moja mbele na nyingine nyuma, zinazozunguka pande zinazopingana.

Ndani, rubani anafanya kazi kwa viungo vyake vyote. Mkono wa kushoto unashika wenzo wa kupandisha na kushusha ndege. Mkono wa kulia unashika usukani wa kuipeleka mbele, nyuma au ubavuni. Miguu iko juu ya pedali mbili zinazoongoza panga la mkiani, na hizo ndizo zinazogeuza pua ya ndege. Akiinua wenzo wa kushoto kidogo tu, nguvu ya injini inaongezeka, pua inaanza kugeuka, na mguu lazima ujibu papo hapo. Mguu ukijibu, ndege inaanza kuteleza upande, na mkono wa kulia lazima uirudishe. Kuisimamisha helikopta hewani bila kuyumba, mita chache juu ya nyasi, ni kati ya mambo ya kwanza yanayomtoa jasho mwanafunzi wa urubani.

Injini ikizima hewani, mambo hayajaisha. Rubani hushusha wenzo wa kushoto mara moja, na hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuyazungusha mapanga wakati ndege inateremka. Karibu na ardhi anauinua wenzo tena, anatumia mzunguko uliobaki kupunguza kasi, na kutua. Mbinu hiyo inahitaji urefu wa kutosha chini ya ndege na mahali pazuri pa kutua. Marubani huifanyia mazoezi tena na tena.

Kwa nini Bonde la Ufa ni gumu

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Mchana wa jua kali Nakuru, hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Maana yake ni kwamba mapanga yana kitu kichache cha kushika, na injini inavuta hewa haba ya kuchomea mafuta. Helikopta iliyopaa Mombasa na askari kumi bila shida inaweza kulazimika kupunguza watu au mafuta ikiwa inapaa Molo au Mau Summit.

Kwa hiyo kabla ya kila safari rubani hupiga hesabu: uzito wa ndege, uzito wa watu na mizigo, mafuta, urefu wa mahali, kiwango cha joto. Jumla ikizidi uwezo, kitu lazima kibaki. Hilo pia linaeleza kwa nini safari nyingi za milimani hufanywa asubuhi, wakati hewa ingali baridi na nzito.

Wepesi wa hewa una mfano wa mbali sana na Kenya. Aprili 2021 Marekani ilirusha helikopta ndogo iitwayo Ingenuity kwenye sayari ya Mirihi, ambako hewa ni karibu asilimia moja tu ya hewa ya dunia. Ili ipae, chombo hicho chenye uzito wa chini ya kilo mbili kilizungusha mapanga yake zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, kasi kubwa kupita kiasi ukilinganisha na helikopta ya kawaida.

Upepo nao una tabia zake. Kuta za bonde, yaani Mau upande wa magharibi na Nyandarua upande wa mashariki, huupandisha upepo upande mmoja na kuushusha kwa nguvu upande wa pili. Rubani anayeukaribia ukuta kutoka upande ambao upepo unashuka anaweza kujikuta anasukumwa chini ilhali injini inavuma kwa nguvu zake zote. Asubuhi ukungu hufunika Kijabe na Mau Summit; alasiri mawingu ya mvua hujikusanya. Kwenye uwanda mkavu wa Suswa na Mai Mahiu, upepo wa mapanga huinua vumbi la udongo wa volkeno hadi rubani asiione ardhi anayotaka kuigusa.

Halafu kuna ndege wenye manyoya. Wanyama wanaovuta watalii Nakuru na Elmenteita, yaani heroe na wari, ni hatari kwa rubani, kwa sababu ndege mzito akigonga kioo au akiingia kwenye injini anaweza kuangusha helikopta. Tai wa aina ya Rüppell, ambao huzaliana kwenye magenge ya Hell's Gate, hupaa juu mno. Mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, katika urefu wa futi 37,000, zaidi ya mara mbili ya urefu wa Mlima Kenya.

Kazi ya kwanza: kubeba watu na mizigo

Watu wengi wakisikia neno kijeshi hufikiria makombora. Kazi ya kila siku ya helikopta za jeshi ni uchukuzi: kuwapeleka askari mahali pasipo na barabara, kuwapelekea chakula, maji, risasi na barua, na kuwarudisha.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, na tangu miaka ya 1970 limetumia Puma, helikopta ya Kifaransa yenye injini mbili na mapanga manne, inayoweza kubeba askari wapatao 16. Baadaye ilikuja Mi-171 ya Urusi, kubwa zaidi, yenye mapanga matano na uwezo wa kubeba mzigo wa hadi tani nne na askari zaidi ya 20. Kuanzia mwaka 2016 Marekani iliikabidhi Kenya helikopta za Huey II, ambazo ni Huey za zamani zilizofanyiwa ukarabati na kuongezewa nguvu.

Huey yenyewe ina historia ndefu. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1956, na katika vita vya Vietnam ilionyesha ulimwengu kwamba kikosi kizima kinaweza kuvuka msitu kwa dakika chache na kushuka mbele ya adui. Milango yake mipana ya ubavuni, inayoachwa wazi, inawaruhusu askari kuruka nje pande zote mbili kwa sekunde chache. Angalia mlango wa helikopta yoyote, utajua kama imeundwa kubeba watu wanaotaka kutoka haraka.

Mzigo usioingia ndani hufungwa kwa kamba nene chini ya tumbo la ndege. Hapo kuna mtu ambaye wengi hawamwoni: mhudumu wa ndege anayelala kifudifudi mlangoni, amefungwa mkanda wa usalama, kichwa kikiwa nje kwenye upepo. Rubani hauoni mzigo ulio chini yake. Mhudumu ndiye macho yake, akimwambia kwa redio: mbele mita mbili, kulia kidogo, simama, shuka. Rubani anafuata sauti hiyo kwa kuiamini kabisa, hadi mzigo uguse ardhi na kamba ilegee.

Kazi ya pili: kupeleleza na kulinda njia

Helikopta ya upelelezi huwa ndogo. Mfano ulio karibu ni MD 500, ambayo Kenya imekuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na ndugu yake MD 530F, ambazo Kenya ilipokea sita mwaka 2020. Kiwiliwili chake cha mviringo kinafanana na yai lenye mkia. Udogo wake unaisaidia kujificha nyuma ya vilima, kuchungulia, kisha kurudi chini kabla haijalengwa. MD 530F iliundwa hasa kwa ajili ya nchi za joto na miinuko: injini yake ina nguvu zaidi na mapanga yake ni marefu zaidi kuliko ya MD 500 za kawaida, ilhali ndege yenyewe ikiwa na watu na mafuta haizidi tani moja na nusu.

Katika operesheni dhidi ya wezi wa mifugo kaskazini mwa Bonde la Ufa, iliyoanza Februari 2023 na kuitwa Maliza Uhalifu, majabali na mabonde ya Baringo, Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi yalionyesha faida ya kuangalia kutoka juu. Askari wa miguu anahitaji saa nyingi kupanda genge ambalo helikopta hulivuka kwa dakika mbili.

Kazi ya tatu: kushambulia

Helikopta ya mashambulizi hutambulika kwa wembamba wake. Marubani wawili huketi mmoja mbele ya mwingine ili adui aone shabaha ndogo, na ubavuni kuna vibawa vifupi vya kuning'iniza roketi na makombora. Hakuna nafasi ya abiria.

Afrika Mashariki na jirani zake zimeshuhudia kazi hiyo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipeleka mashariki mwa Kongo kikosi cha wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kupambana na waasi. Mapema mwezi Novemba mwaka huo helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zilishambulia ngome za waasi wa M23 kwenye vilima vya mpakani. Yalikuwa mapigano ya kwanza ya Rooivalk tangu iundwe. Muda mfupi baadaye M23 walitangaza kusitisha vita, ingawa kundi hilo lilirudi tena miaka iliyofuata.

Uganda nayo hutumia Mi-24 ya Kirusi, ambayo imevunja kanuni: inabeba silaha nzito na bado ina chumba cha askari wanane. Uzito huo una gharama yake milimani.

Kazi ya nne: kuokoa majeruhi

Aprili 1944, katika misitu ya Burma, rubani Mmarekani akiendesha helikopta ndogo ya Sikorsky R-4 aliwatoa watu wanne waliokwama nyuma ya adui. Injini ilikuwa dhaifu na hewa ya joto ilikuwa nyepesi, kwa hiyo aliwatoa mmoja mmoja. Huo ndio uokoaji wa kwanza wa helikopta katika vita unaojulikana. Miezi michache baadaye, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipita kwenye matope ya Burma hiyo hiyo wakiwa na Kikosi cha 11 cha Afrika Mashariki, majeruhi wao wakibebwa kwa machela mabegani.

Tofauti kati ya machela ya begani na helikopta ni muda, na muda ndio unaookoa damu. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni takriban kilomita 160 kwa barabara, na kila dereva anajua foleni ya Gilgil na ya Naivasha siku za sikukuu. Helikopta inayokwenda kilomita 220 kwa saa hufika chini ya saa moja. Viti hukunjwa, machela hufungwa sakafuni au ubavuni, na mhudumu wa afya huendelea kumtibu mgonjwa angani.

Kazi ya tano: maafa ya raia

Wakazi wa Nakuru wanayajua maafa ya maji. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu, yakasomba nyumba, magari na watu. Wanajeshi walijiunga na Msalaba Mwekundu na wenyeji kuwatafuta waliopotea kwenye matope.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi uwezo wa helikopta kilitokea Msumbiji. Februari na Machi 2000, Mto Limpopo ulifurika na maelfu ya watu wakapanda juu ya mapaa na miti. Helikopta za kijeshi za Afrika Kusini zilifika na kuokoa watu zaidi ya 14,000. Miongoni mwao alikuwa mama aliyejifungua mtoto wa kike juu ya mti; mhudumu alishushwa kwa kamba akawatoa wote wawili wakiwa hai. Nyingi za helikopta hizo zilikuwa Oryx, ambayo ni Puma iliyoboreshwa huko Afrika Kusini.

Moto nao huzimwa kutoka angani. Ndoo kubwa ya turubai huning'inizwa kwa kamba, hutumbukizwa ziwani, kisha mfuniko wa chini hufunguliwa juu ya moto. Hapa tena mahali huamua: Ziwa Naivasha lina maji matamu, lakini Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi, na magadi hula chuma na kuharibu udongo.

Itambue kutoka chini

Anza na masikio. Huey ina mapanga mawili mapana, na sauti yake ni ya mapigo yanayohesabika, pa-pa-pa, inayofika kabla ndege yenyewe haijaonekana. Helikopta yenye mapanga manne au matano huvuma kwa mfululizo.

Kisha tazama miguu. Vyuma viwili virefu kama vya sleji ni dalili ya Huey au MD 500. Magurudumu yanayoonekana wakati wote ni ya Mi-171. Magurudumu yanayofichwa ndani wakati wa kuruka ni ya Puma, au ya Z-9 ya Uchina.

Malizia na mkia. MD 500 ina mkia wenye umbo la herufi T. Z-9 haina panga la mkiani lililo wazi. Lake limefichwa ndani ya tundu la duara kama feni ya ukutani. Mi-171 ina milango miwili mikubwa nyuma ya kiwiliwili, ambayo hufunguka ili hata gari dogo liingie.

Rangi pia husaidia. Za kijeshi huwa na kijani, kijivu au mchanganyiko wa rangi za msituni, na alama za taifa. Nyeupe zenye rangi za kuvutia ni za kukodi, na hizo ndizo zinazojaa anga la Nakuru wakati wa kampeni. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina zake, na huzitumia hata kumdunga faru sindano ya usingizi kutoka angani.

Jambo moja la sheria: kambi za kijeshi ni maeneo yaliyolindwa. Usizipige picha, na usirushe droni karibu na Lanet au Gilgil. Droni yoyote nchini Kenya inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Ikitua karibu nawe

Kila msimu wa kampeni watoto hukimbilia helikopta inayotua kwenye uwanja wa shule. Ni tabia hatari, na kila mwalimu na mzazi anapaswa kuikomesha. Hizi ndizo kanuni:

1. Kaa mbali, angalau urefu wa nusu ya uwanja wa mpira, hadi mapanga yasimame kabisa.

2. Usipite nyuma hata siku moja. Panga la mkiani likizunguka halionekani, na liko kwenye usawa wa kichwa cha mtu.

3. Ukiitwa na mhudumu, njoo kutoka mbele, mahali rubani anapokuona, ukiwa umeinama.

4. Mahali penye mteremko, fika kutoka upande wa chini. Upande wa juu wa kilima, mapanga yako karibu zaidi na kichwa chako.

5. Vua kofia, funga leso vizuri, na usibebe mwavuli, fimbo au jembe begani.

6. Ondoa uwanjani magunia, karatasi, mabati yaliyolegea na nguo za kuanikwa. Upepo wa mapanga huzirusha hadi kwenye injini. Funga mifugo.

7. Geuza uso na ulinde macho dhidi ya vumbi.

Kama kijiji kinasubiri msaada kutoka angani, tafuteni mahali tambarare penye upana wa mita 30 kila upande, mbali na miti na hasa nyaya za stima, ambazo rubani huziona kwa shida sana. Washeni moto mdogo wa majani mabichi pembeni, si katikati, ili moshi uonyeshe upepo unakotoka. Usiku msimmulike rubani kwa tochi, kwa maana mwanga humpofusha, hasa akivaa miwani ya kuonea gizani. Nambari za dharura ni 999 au 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Gharama ya kazi hii

Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta tatu za Mi-24 za Uganda zikielekea Somalia ziligonga miteremko ya Mlima Kenya. Watu saba walikufa, na wengine waliokolewa baada ya kukaa kwenye baridi ya msitu. Helikopta ya nne, ya aina ya Mi-17, ilifika Garissa salama.

Tarehe 18 Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikuwa Pokot Magharibi. Alikwenda kuwaona askari wa operesheni na kukagua ukarabati wa shule zilizoharibiwa na ujambazi. Huey aliyopanda ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, katika eneo la Sindar, Elgeyo Marakwet. Watu kumi walikufa, wawili wakanusurika. Ogolla mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita na aliwahi kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Kijana anayeipenda kazi hii anapaswa kuijua tarehe hiyo, na kuwaheshimu wanaoendelea kupaa wakiijua pia.

Njia ya kuingia

Rubani peke yake hawezi kitu bila mafundi. Kila saa ya angani hufuatwa na saa nyingi za ukaguzi ardhini, na fundi makini huhesabu vifaa vyake kabla ya kufunga kifuniko cha injini, kwa kuwa spana moja iliyosahaulika humo inaweza kuua watu wote walio ndani. Jeshi linahitaji pia wataalamu wa redio, silaha, hali ya hewa na matibabu.

Anayeota kazi hizi achague mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika sekondari ya juu. Hesabu ya uzito na mafuta ni hisabati. Wenzo, upepo na wepesi wa hewa ni fizikia. Ramani za Menengai, Eburru na Longonot ni jiografia. Atunze macho, moyo na mwenendo, maana jeshi hupima vyote vitatu. Anayetaka kuwa rubani huingia kama kadeti, na mafunzo ya uafisa huanzia hapo hapo Lanet kabla ya yale ya urubani.

Nafasi hutangazwa na Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, magazetini na kwenye tovuti yake, pamoja na umri, alama na vipimo vinavyotakiwa kwa mwaka huo. Wavulana na wasichana wote wanaruhusiwa kuomba, na usajili ni bure. Mtu yeyote akidai pesa ili akupitishe, usimpe hata shilingi moja; mripoti kwa polisi au kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC.